Tepu ya Kijiji Kilichozama

Nianze na kinu cha shangazi zangu. Msiniulize kinu kinahusiana nini na kazi ya kutengeneza tepu, maana hata mimi nilikaa miaka mingi bila kujua, na nilipojua nilikuwa mzee tayari.

Shangazi zangu watatu walikuwa wakitwanga mpunga katika kinu kimoja, uani kwetu Muheza, kila mmoja na mchi wake. Mchi wa kwanza unashuka, wa pili uko njiani, wa tatu umeachiwa juu hewani na mwenyewe anapiga kofi kabla ya kuudaka. Wala hawatazami. Wanasengenya. Habari zote za mji nilizipata pale kinuni, nani kaachwa, nani karejewa, nani kanunua kitanda cha chuma ilhali paa linavuja.

Siku moja nikaomba nami nitwange. Shangazi Mwanahamisi, ndiye mkubwa wao, akanipa mchi mfupi. Nikaanza vizuri tu. Kisha hofu ikaniingia, nikawa nautazama mchi wake unavyoshuka karibu na wangu, na kule kuutazama ndiko kulikonichelewesha. Michi ikagongana, mpunga ukaruka, kuku wakaja mbio kama walioalikwa. Nikajikunja nikingoja kofi. Hakunipiga. Alisema, "Usitazame. Sikiliza." Akarudi kwenye habari ya kitanda cha chuma pale pale alipoiachia.

Shule niliacha darasa la nne. Kwa hiyo mkiniuliza cheti changu ni kipi, nyinyi mlio na vyeti ukutani, ni hicho alichonipa shangazi kwa maneno mawili.

Sasa twende London. Jinsi nilivyofika ni hadithi ndefu yenye mwajiri mmoja mwenye mbwa wengi, tuiache. Nilikuja kupata kazi ya kufagia duka moja Walthamstow, kwenye mtaa ule wa soko, kati ya muuza vitambaa na muuza samaki. Duka lilikuwa la Mzee Ramnik, Mhindi wa Tanga aliyekuwa akikaa Queensbury, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alitengeneza redio, santuri, na zaidi ya vyote mashine za tepu, zile kubwa za magurudumu mawili, na baadaye kaseti. Nilipofagia karibu na meza yake nilikuwa nikisimama kusikiliza, na vumbi linabaki pale pale. Siku moja akageuka.

"Athumani, hilo sikio lako ni la kuuza au la kusikilizia?"

Nikamwambia la kusikilizia.

"Basi weka ufagio."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Nyinyi leo mnatuma karatasi, mnahojiwa na watu watatu, mnaambiwa mtapigiwa simu. Mimi niliweka ufagio.

Nitawaambia machache aliyonifundisha, labda hayatawafaa, lakini yatakufa nikiyanyamazia. Tepu ikikatika, usiiunge kwa gundi ya karatasi ya dukani. Ile gundi hutoka jasho baada ya miaka, ikaganda na safu ya chini yake, na mtu akiifungua harusi yake anakuta bwana harusi kang'ang'ania kwenye mgongo wa shehe. Ukikata, kata mshazari. Ukikata wima, sikio linagonga pale kama mguu kwenye kizingiti. Ukikata mshazari, sikio linateleza halijui kama limevuka. Na tepu inayonuka siki usiitie joto kabisa. Ile ya plastiki inayonata ndiyo ya kukausha, tena kwa joto dogo na kwa subira. Hilo la kukausha liliniletea maneno nyumbani. Mke wangu Mwanaisha alifungua jiko lake aweke mkate wa kumimina, akakuta harusi ya watu wa Barking inakauka mle ndani. Aliniuliza kama bibi harusi naye ageuzwe upande wa pili. Baada ya hapo Mzee Ramnik alininunulia jiko dogo la dukani, na mkate ukapona.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa hili: usimsikilize anayesema, sikiliza kilicho nyuma yake. Mteja anakuletea sauti ya baba yake anasoma barua, wewe unasikia kijiko ndani ya kikombe, mlango, jogoo, mtoto anazuiwa. Nyuma ya kila sauti kuna nyumba. Ukiipata nyumba, sauti inajileta. Hilo nililielewa kwa maneno tangu siku ile, kwa mwili nikalielewa siku ya mwisho ya kazi yangu. Hansa, binti wa Mzee Ramnik aliyerithi duka, bado hunikumbusha siku hiyo kila tukionana kwenye sherehe za watu. Haanzi na salamu. Anauliza, "Maziwa yangu yako wapi?" Nitafika huko.

Mzee Ramnik mwenyewe hakuondoka vizuri kazini. Alikaa mpaka mikono ikaanza kutetemeka, na siku moja wembe ukapita mahali pasipostahili kwenye tepu ya watu waliofiwa. Aliunga, wenyewe hawakugundua, lakini yeye alijua. Nilipomtembelea Queensbury, amekaa na blanketi magotini na kipima joto cha ukuta kinasoma kama Tanga mwezi wa pili, akaniambia, "Mimi nilingoja mpaka kazi ikanifukuza. Wewe usingoje. Siku ikikukalia vizuri, ondoka, usikae kupokea pongezi." Nikasema sawa, mzee. Nikakaa miaka mingine mingi, maana siku nzuri zilikuwepo lakini kila moja niliiona ina kasoro.

Kisha akaja Mama Fumiko.

Aliletwa na binti yake, Naomi, mwanamke wa makamo, mhasibu, mwenye koti zuri na uso wa mtu asiyelala. Mama Fumiko alikuwa amepita miaka themanini, mdogo, kanyooka kama mwiko, na ana vile vifaa vya kusaidia kusikia masikio yote mawili. Mama alisema Kijapani, binti akajibu kwa Kiingereza. Nikacheka moyoni. Nikasema, kumbe na nyinyi. Maana kwangu ndivyo ilivyo. Nawauliza wanangu kwa Kiswahili nani kala maandazi, najibiwa kwa Kiingereza kwamba si yeye.

Naomi akaweka kisanduku mezani. Ndani mlikuwa na gurudumu la tepu la kahawia, na nilipoligusa nikarudisha mkono. Lilikuwa karatasi. Wajapani walipoanza kutengeneza mashine zao za tepu baada ya vita, hawakuwa na plastiki ya kutosha, wakapaka unga wa chuma kwenye karatasi. Mzee Ramnik alikuwa amenisimulia habari zake, lakini mimi sikuwahi kushika. Mashine hizo nyingi zilikwenda shuleni, na mwalimu mmoja wa kijijini alipata moja.

Kijiji chao, alivyosimulia Mama Fumiko na Naomi akitafsiri, kilikuwa kwenye bonde la milima. Serikali ikaamua kujenga bwawa la umeme, na bonde lote likapangiwa kuzama. Huko kwao vijiji vya namna hiyo ni vingi, alisema, nchi ilikuwa inajijenga upya na miji ilitaka taa. Watu wakahamishwa, makaburi yakahamishwa, hata mti wa shule ukang'olewa ukapandwa mlimani ukafa. Ndipo mwalimu akasema nyumba hatuwezi kuzihamisha, tuhamishe sauti. Majira ya kuchipua, siku ya kuagana, akawakusanya wote uwanjani, akawasha mashine.

Kila nyumba ilitaja jina lake na mahali ilipo, moja baada ya nyingine: sisi ni wa juu ya kisima, sisi ni wa penye jiwe jeupe, sisi ni wa mwisho wa daraja. Maana chini ya maji hakutakuwa na kibao. Kisha watu wakatwanga wali kwa mara ya mwisho. Wajapani wana wali wao wa kunata. Wanaupika, wanautia kinuni ungali moto, mmoja anatwanga na mwingine anaugeuza kwa mkono mtupu, kati ya pigo na pigo. Aliyekuwa akigeuza siku ile alikuwa mama yake Fumiko. Na Fumiko, kasichana, alisimama kando na bakuli la maji, maana mkono wa mgeuzaji lazima uwe umelowa, la sivyo wali utaung'ang'ania.

Walihamia mjini, na mama yule hakumaliza hata mwaka. Fumiko alipokua akaolewa na Mwingereza, mwalimu alimfuata kituoni na kisanduku. Akamwambia, mama yako yumo humu. Akaja nacho London, na hakupata mashine ya kukichezesha, na maisha yakapita.

Sasa jambo lililowaleta. Daktari wa masikio alikuwa amemwambia Mama Fumiko kwamba usikivu wake unakwenda, na kilichobaki hakina muda. Naomi akaipeleka tepu mahali fulani pa kisasa, wakampa sauti ndani ya simu. Mama akasikiliza. Ikatoka sauti nzito, ya kukokota, kama ya mwanamume anayezungumza usingizini. Mama Fumiko akairudisha simu, akasema huyu si mama. Basi. Alikuwa ametunza kisanduku hicho maisha yake yote, na ndani yake mkawa na mtu mwingine.

"Sijui kama walibadilisha tepu," Naomi akaniambia, sauti ya chini, "au kama mwalimu alikosea tangu mwanzo. Amekubali kuja hapa kwa ajili yangu tu. Amesema baada ya hapa anakitupa."

Mama Fumiko alikuwa akiangalia mashine zilizopangwa rafuni, hasikii tunayosema au anajifanya hasikii. Kisha akasema neno na Naomi akaona haya kulitafsiri. Nikamwambia litafsiri tu.

"Anauliza kama wewe ni fundi au mlinzi wa makumbusho."

Nikamwambia mwambie vyote viwili, na makumbusho ni mimi.

Tuliihamisha ile tepu kwanza, kwa mashine yangu ya polepole niliyoilegeza ivute kama mtu anayevuta uzi kwenye kidonda. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameunga mikatiko yake kwa uji wa mchele, na uji ule ulikuwa umeshika kuliko gundi zote nilizowahi kuona. Mmoja tu uliachia. Nikampigia Mwanaisha simu anibandikie wali, asitie nazi wala chumvi, auponde uwe uji mzito; akaniuliza nani mgonjwa. Nikauunga kwa uji huo. Sauti yote ikaingia kwenye kompyuta ya Hansa salama, na karatasi ikarudi kisandukuni ikapumzike.

Na ni kweli, sauti ilikuwa nzito. Nikaweka hedifoni, nikafunga macho, nikaacha kuwasikiliza wanaosema. Nyuma yao nikasikia maji. Maji mengi, ya kasi, yanapiga kitu kinachozunguka. Nikamwomba Naomi amuulize mama yake umeme wa kijiji ulitoka wapi. Akajibu ulitoka kwenye gurudumu la mtoni, walilotengeneza wenyewe. Taa zao zilikuwa kali wakati theluji ikiyeyuka na hafifu wakati wa kiangazi.

Mnaona? Siku ile ilikuwa majira ya kuchipua. Theluji inayeyuka, mto umejaa, gurudumu linakimbia, umeme unakimbia, na mashine ya mwalimu ikakimbia nao. Ukirekodi kwa mashine inayokimbia, halafu ukachezesha kwa mashine inayotembea, sauti inalala. Hakuna aliyebadilisha tepu. Mto wenyewe, ule ule utakaofungwa kuzamisha kijiji, ndio ulioshika sauti zao na kuzinenepesha.

Naomi aliketi aliposikia hivyo. Mama yake alipoambiwa akasema mto ule ulikuwa na tabia hiyo, uliwahi kumchukulia na kiatu.

Lakini kujua ugonjwa siyo kuujua mwisho wake. Tuikimbize kiasi gani? Hansa alitaka kufanya kwa kompyuta. Mimi mkono wangu haujui kile kipanya, nikamwomba anirudishie nakala kwenye tepu mpya, niitie kwenye mashine yenye kitufe cha mwendo, kile cha kuzungusha. Nikizungusha kidogo, yule mtu mzito anakuwa mama mtu mzima. Mbele kidogo, mama kijana. Mbele tena, msichana. Wote wanawake, wote wanaaminika, na mmoja tu ndiye. Tena mto haukukaa mahali pamoja; unapanda na kushuka, kwa hiyo penye jina la nyumba ya kwanza napata, nikifika nyumba ya tano nimempoteza.

Hapo nikafanya kosa ambalo fundi wa kwingine asingelifanya. Nikasikia ule mchi wao kwenye tepu. Nikasema, ahaa, kutwanga nakujua, nimekulia kinuni. Nikazungusha kitufe mpaka mapigo yakaenda kama ya shangazi zangu Muheza, nikatabasamu, nikamgeuzia Mama Fumiko spika. Akasikiliza. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Naomi akatafsiri: "Anasema mama yake hakuwa panya."

Shangazi zangu walikuwa watu watatu na mpunga mkavu. Huyu alikuwa mtu mmoja anayetwanga wali moto, na katikati kuna mkono unaoingia kinuni na kutoka. Lazima uungoje mkono. Mwendo wangu ungeuponda.

Nikamuuliza Mama Fumiko basi mwendo wenyewe ulikuwa upi. Akapiga meza kwa kiganja, akasita, akapiga tena, akatikisa kichwa. Akajaribu tena, ukawa mwendo mwingine. Akaiangalia mikono yake kama imemsahau yeye. Akasema, na Naomi akatafsiri polepole, kwamba hawezi peke yake. Mwendo ule ni wa watu wawili, yeye anao upande mmoja tu, na wote wenye upande mwingine wamekufa.

Nje muuza samaki anapiga kelele za bei. Mimi nikamtazama Naomi, na Naomi akajua namtazama kwa nini.

"Mimi ni mhasibu," akasema.

Nikamwambia hata mimi nilikuwa mfagiaji.

Hansa akaleta kopo la maji, beseni la plastiki na taulo lililoloweshwa likakunjwa, huo ndio wali. Akaleta mchi wa mama yake wa kutwangia viungo, ule mrefu wa mbao uliotoka Tanga. Tukaweka beseni juu ya mto wa kiti, sakafuni. Mama Fumiko akapiga magoti pale kama msichana, bila kuomba mkono wa mtu. Naomi akasimama na mchi, koti lake zuri limetupwa juu ya redio.

Akapiga. Mama akageuza. Akapiga, akasita, mkono wa mama uko mle ndani. Akashusha mchi pembeni ukagonga ukingo, maji yakatumwagikia miguuni. Mama akasema neno kali. Naomi akajibu kwa Kiingereza kwamba anaogopa kumvunja vidole. Na mama akajibu kwa Kiingereza, mara ya kwanza namsikia, Kiingereza cha kila siku cha mtu aliyekaa miaka na miaka London na kukinyima tu:

"Ukiuogopa mkono wangu ndipo utauponda."

Na mimi sijui nani alinifungua mdomo. Nikasikia sauti yangu inasema, "Usitazame. Sikiliza." Nilisema kwa Kiswahili. Naomi hakujua hata neno moja la Kiswahili, lakini alifumba macho.

Akapiga. Mama akatoa mlio mfupi wa kooni, akageuza. Akapiga, mlio, akageuza. Mara ya kwanza wanagombana, mara ya pili wanasikilizana, kisha nikaona mabega ya Naomi yameshuka, na mama hasemi tena wala hamwangalii, na taulo linageuka, na mchi unashuka, na ule mlio uko katikati kama mshono. Hansa amesimama mlangoni na mkono mdomoni. Mama Fumiko akaniitikia kwa kichwa, yaani haya, na wewe fanya kazi yako.

Nikawasha mashine. Kidole kwenye kitufe, macho nimefumba nami.

Kwanza kwenye tepu alikuwepo mzee mmoja wa kijiji, nilimjua kwa kikohozi chake. Naomi alinitafsiria maneno yake tepu iliporudiwa. Anasimulia siku vita vilipokwisha, walivyokusanyika wote mbele ya redio moja kumsikia mfalme wao, ambaye hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake. Redio inakwaruza, mfalme anasema Kijapani cha ikulu, na hakuna aliyeelewa; mmoja akadhani wanaambiwa wakaze moyo wapigane. Mpaka mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia, ndipo wote wakajua. Nchi nzima inaikumbuka sauti ile, mzee anasema, kila mtu atakwambia alikuwa amesimama wapi. Sauti zetu nani atazikumbuka? Kisha anakohoa, anasema haya, mwalimu, waite watwangaji.

Wakaingia. Mchi wa kijiji na mchi wa Naomi haikuwa pamoja, mmoja unavuta, mmoja unangoja. Nikazungusha. Nikapitiliza, nikarudi. Mto ukapanda, nikaufuata, ukashuka, nikaufuata. Sikuwa nasikiliza tepu tena wala sakafu, nilikuwa nasikiliza ile nafasi katikati yao, inavyopungua, inavyopungua, mpaka ikaisha. Mapigo mawili yakawa moja. Mchi mmoja tu ulikuwa ukitwanga mle dukani, na ulikuwa unatwanga bondeni.

Na pale juu ya pigo akapanda mwanamke. Si mzito, si msichana. Sauti kavu kidogo, ya mtu anayecheka huku anafanya kazi, anatoa ule mlio kila anapogeuza, na mlio wake na wa bibi huyu aliyepiga magoti sakafuni kwetu ulikuwa mlio mmoja. Mama Fumiko hakuinua kichwa. Aliendelea kugeuza. Naomi naye hakusimama, machozi yanamwagika na mchi unashuka mahali pake.

Kisha yule mwanamke wa kwenye tepu akasema neno fupi, haraka, kama mnavyoitwa nyumbani mkiwa mmezubaa. Sikuhitaji tafsiri ya jina. "Fumi." Na neno moja baada yake.

Mama Fumiko akasema, "Hai," ndiyo naam yao. Akauchovya mkono kwenye kopo la maji lililokuwa kando, akaunyunyizia mkono wa mama yake uliokuwa haupo, juu ya beseni, pale pale ambapo ungekuwepo. Alikuwa ameombwa maji, akayaleta.

Sitawaeleza kelele zilizofuata. Naomi aliangusha mchi, akamkumbatia mama yake pale pale kwenye maji, na wakaanza kusemezana, na nikatambua kwamba binti anajibu kwa Kijapani, kibovu, maana mama alikuwa anacheka na kumsahihisha. Hansa akawa anampigia simu sijui nani. Muuza samaki akachungulia kuuliza kama kuna mtu kaumia. Mama Fumiko akataka tepu irudiwe, ikarudiwa, akataka tena, sasa akawa anazitaja zile nyumba pamoja na wenyewe, wa juu ya kisima, wa penye jiwe jeupe, sauti yake na zao, bila kukosea hata moja. Kisha akanielekea mimi, akainama mpaka chini, akaniita Atumani-san, ndivyo wanavyomwita mtu wakimheshimu. Nikainama nami, nikagonga kichwa kwenye ncha ya meza.

Mikono yangu nikaiangalia. Ilikuwa imetulia kama maji ya kisimani. Nikamkumbuka Mzee Ramnik na blanketi lake. Nikaitafuta kasoro ya siku ile, kila pembe, sikuiona.

Hansa akasema watu hawa lazima wanywe chai, na chai bila maziwa siyo chai, Mzee Athumani hebu chukua maziwa pale dukani. Nikasema haya. Nikaweka bisibisi mahali pake rafuni, nikaegemeza ufagio vizuri ukutani, nikavaa koti langu. Nyuma yangu Naomi alikuwa ameshika mchi tena na mama anampigia hesabu. Nikatoka nikaurudisha mlango polepole usigonge, nikapita duka la maziwa, nikapita vitambaa na viazi, nikaupanda mtaa wote wa soko mpaka stesheni, nikaingia treni ya Barking ya kwenda nyumbani, sikurudi tena.